Kupima umahiri wa mgeni anayejifunza Kiswahili: mwongozo kamili, kuanzia mahojiano hadi alama

Kuna mgeni atakayepata 90 kati ya 100 kwenye mtihani wa ngeli, kisha atoke nje ashindwe kumwelekeza bodaboda akate kushoto. Kuna mwingine ambaye ukimwuliza habari za ngeli ya U-I atakukodolea macho, lakini ameishi Mwanza miaka miwili na anabishana bei na wauza samaki wa Kirumba mpaka wanampunguzia. Ukiwapa wote wawili karatasi ileile, utamtunuku wa kwanza na kumwangusha wa pili, na utakuwa umepima kumbukumbu ya darasani tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayewafundisha wageni Kiswahili, awe Zanzibar, Arusha, Nairobi au kwenye chuo cha Ulaya na Marekani. Utamfaa pia mwanafunzi wa uzamili anayetaka data ya kuaminika kuhusu ujifunzaji wa lugha ya pili. Kila hatua iliyomo inasimama juu ya jambo moja: alama itoke kwenye yale mtu aliyoyafanya kwa lugha mbele yako, na ushahidi wake uwe unaweza kumsikilizisha mwalimu mwingine naye akausikia.

Hatua ya 1: Amua unapima nini

Kuna maswali mawili ambayo kwa nje yanafanana. La kwanza: je, mwanafunzi ameshika yale niliyomfundisha? Hilo ni swali la ufaulu wa kozi, na mtihani wa muhula unatosha kulijibu. La pili: anaweza kufanya nini kwa Kiswahili, bila kujali alijifunzia wapi? Hilo ndilo swali la umahiri, na hapo silabasi yako haina sauti. Usiulize sura ya nane ya kitabu. Mpimwaji huenda hajawahi kukiona kitabu hicho.

Andika kwenye karatasi, kabla ya jambo lingine lolote, alama itatumika kwa nini: kumpangia darasa, kumpa cheti, kuona maendeleo yake, au utafiti. Kumpangia darasa hakuhitaji mahojiano ya nusu saa. Dakika kumi zinatosha, na ukikosea utamhamisha wiki ijayo. Cheti ni habari nyingine, maana mwajiri atakiamini.

Mwaka 1980, Michael Canale na Merrill Swain, watafiti wa Kanada, waliugawa umahiri wa mawasiliano katika mafungu: sarufi, kujua lugha ipi inamfaa nani na wapi, na mbinu za kujinasua neno linapokosekana. Walimu wengi wa Kiswahili tunalipima fungu la kwanza na kuyasahau mawili yanayofuata. Mgeni anayeingia mgahawani na kusema "nataka chai" hana kosa la sarufi, lakini "naomba chai" ingemfikisha mbali zaidi. Na yule asiyelijua jina la kifungulio akasema "kile kitu cha kufungulia soda" hajashindwa. Ametumia kauli ya kutendea kujiokoa, na hiyo ni alama yake.

Jambo jingine: kusikia na kusema vipimwe kila kimoja peke yake. Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi, na mwaka 1985 akaeleza kwamba uelewa wao ulikuwa mzuri ilhali usemaji wao ulibaki nyuma, hasa kisarufi. Wake na waume wa kigeni waliokaa muda mrefu ukweni wako hivyohivyo: wanaelewa kila neno la mawifi, ila wao wenyewe hujibu kwa vipande.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja, ukishike

Vitatu ndivyo utakavyokutana navyo mara nyingi. ILR ni cha serikali ya Marekani; kina ngazi 0 hadi 5, na mizizi yake ni ya miaka ya 1950, wizara ya mambo ya nje ya huko ilipotaka kujua wanadiplomasia wake wanasema lugha gani na kwa kiasi gani. ACTFL ni cha chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani. Mwongozo wake wa mwaka 1986 umefanyiwa marekebisho kadhaa, yakiwamo ya 2012 na 2024. CEFR ni cha Baraza la Ulaya, kilichotolewa 2001, chenye ngazi A1 hadi C2. Usibadilishe alama ya kimoja kuwa ya kingine kwa jedwali ulilolikuta mtandaoni. Vilitengenezwa kwa malengo tofauti.

Mimi hupendelea ngazi za ACTFL kwa mahojiano, kwa sababu zinaeleza kazi. Kwa ufupi na kwa lugha yetu:

- Mwanzo: anasema maneno na misemo aliyoikariri, orodha za vitu, majibu ya neno moja.
- Kati: anatunga sentensi zake mwenyewe, anauliza na kujibu, anamaliza shughuli nyepesi kama kukodi chumba cha gesti.
- Juu: anasimulia na kueleza kwa nyakati zote, aya nzima si sentensi mojamoja, na anaweza kutatua jambo likiharibika.
- Ubingwa: anatetea hoja, anazungumzia dhana, anakisia yasiyokuwepo.

Juu ya hapo ipo ngazi nyingine ya waliobobea, lakini darasani huionei haja. Ngazi tatu za chini hugawanywa tena katika chini, kati na juu. Anza na hizo ngazi kuu nne kwanza.

Kadirio moja litakusaidia kuwatuliza wanafunzi wenye haraka. Chuo cha wizara ya mambo ya nje ya Marekani hukadiria kwamba mtu anayesema Kiingereza anahitaji wiki 36 hivi za masomo ya kutwa kufikia ngazi ya 3 ya ILR kwa Kiswahili, sawa na Kiindonesia na Kimalei. Kiarabu na Kichina ni wiki 88. Ukiambiwa mtu amefika C1 kwa likizo ya miezi mitatu, omba rekodi.

Hatua ya 3: Maandalizi

Mpimaji asiwe mwalimu wake. Mwalimu amekwisha kuyazoea matamshi ya mwanafunzi wake, anamwelewa hata pale ambapo mtu wa sokoni asingemwelewa. Kama kituo chenu ni kidogo, badilishaneni wanafunzi na kituo jirani.

Tafuta chumba kimya, rekodi kwa simu mbili (moja itazima), pata idhini ya kurekodi kwa maandishi, na tenga dakika 15 hadi 30. Usiandae orodha ya maswali. Andaa orodha ya kazi: kueleza mahali, kusimulia jambo lililopita, kulinganisha, kutatua tatizo, kutetea maoni. Maswali yatatoka kwenye anayoyasema mwenyewe.

Hatua ya 4: Mahojiano

*Kuamsha.* Salamu, safari, hali ya hewa. Hapa ndipo Kiswahili kinapompumbaza mpimaji kuliko lugha nyingi. Mgeni aliyefundishwa vizuri wiki mbili anaweza kwenda nawe habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za watoto, shikamoo, marahaba, karibu, asante, na kwa dakika tatu nzima ukadhani umekaa na mtu wa Tanga. Zote hizo zimekaririwa. Furahia, mwitikie, lakini usiandike alama yoyote. Jambo moja tu la kuangalia: je, anajua nani wa kumpa shikamoo? Kijana wa miaka 25 anayekuamkia "mambo" na wewe una mvi amekuonyesha kitu.

*Kutafuta sakafu.* Sakafu ni ngazi anayoimudu bila kuyumba. Akisema anatoka Bergen, mwambie akueleze Bergen. Akitaja dada yake, aulizwe anafanana naye au la. Sikiliza kama anatunga au anakariri. Ishara nzuri ni swali ambalo hakulitarajia: "Kwenu mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, watu wanafanyaje?" Aliyekariri hunyamaza au hurudi kwenye sentensi aliyoizoea.

*Kutafuta dari.* Sasa panda ngazi moja, kusudi umwone akishindwa. Wengi wetu hatupendi sehemu hii, tunamwonea mgeni huruma, lakini bila kuona anapovunjika huwezi kusema anapoishia. Kama sakafu ni ngazi ya kati, mwombe simulizi yenye mwanzo, katikati na mwisho: "Niambie siku moja safari yako ilipoharibika. Ilianzaje, ikawaje, mkafanyaje?" Kama anasimulia bila taabu, panda tena: "Kuna wanaosema shule za Tanzania zifundishe kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu. Wewe unaonaje? Na kama ungekuwa mzazi asiye na uwezo, maoni yako yangebadilika?"

Mara moja haitoshi. Nenda juu, rudi chini apumue, nenda juu tena kwa mada nyingine. Mtu anaweza kusimulia vizuri kuhusu mpira kwa sababu anaufuata kila siku, kisha akakwama kwenye habari za hospitali.

*Igizo.* Mpe hali yenye kikwazo. Hii huzaa matunda: "Umepanda daladala, umempa kondakta noti ya elfu kumi, naye anasisitiza kwamba ulimpa elfu tano. Mimi ndiye kondakta." Kisha kaza. Usikubali haraka. Wa ngazi ya kati atarudia "hapana, elfu kumi, elfu kumi" mpaka achoke. Wa ngazi ya juu atakueleza alikaa wapi, nani alimwona akitoa noti, na pengine atamwita abiria wa pembeni awe shahidi. Kwa mwanafunzi wa Nairobi, badilisha iwe matatu na makanga.

*Kushusha.* Maliza kwa jambo jepesi analoliweza, aondoke akiwa na heshima yake.

Sasa tabia za mpimaji, ambazo huharibu rekodi nyingi kuliko udhaifu wa mwanafunzi. Kumalizia sentensi ya mtu: akisema "nili... nili..." wewe unasema "ulikwenda?" na tayari umemwibia nafasi yake. Kuongea kama na mtoto, polepole na kwa maneno ya kitabu. Kusahihisha. Kuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Na kutovumilia ukimya: hesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kusaidia. Sisi tumelelewa kumjazia mgeni maneno ili asiaibike. Kwenye chumba cha kupimia, adabu hiyo iache mlangoni.

Saa nayo isikutege. Mgeni aliyesema basi linaondoka "saa mbili" akimaanisha saa nane mchana amekosea jambo linalomkosesha basi. Muulize palepale, "asubuhi au mchana?", uone kama anajinasua.

Hatua ya 5: Sikiliza rekodi, andika ushahidi, ndipo uweke alama

Usiweke alama mkiwa bado mmekaa. Uso wa mtu, ucheshi wake, hata kanzu aliyoivaa, vitaingia kwenye alama. Sikiliza baadaye, na kwa kila kazi andika maneno yake hasa, yalivyotoka. Linganisha mifano hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya zoezi.

Wa kwanza: "Jana mimi nilienda Karume. Mimi nataka kununua viatu. Muuzaji anasema elfu thelathini. Mimi nasema hapana, ni ghali sana. Yeye anasema elfu ishirini. Mimi ninanunua."

Wa pili: "Jana nilienda Karume kununua viatu. Muuzaji akaniambia elfu thelathini, nikacheka tu. Nikamwambia hivi viatu yamevaliwa tayari, nikaanza kuondoka. Akaniita, tukapatana elfu kumi na tano. Kama ningejua jirani yake anauza kumi, ningeenda kwake."

Tafuta kosa la upatanisho kwa wa kwanza. Hakuna hata moja. Wa pili ana moja, "viatu yamevaliwa". Mtihani wa karatasi ungempendelea wa kwanza. Lakini wakati uliopita wa mwanafunzi wa kwanza umedumu sentensi moja tu, kisha akaangukia wakati uliopo mpaka mwisho. Sentensi zake zimesimama kila moja peke yake, na "mimi" na "yeye" zinarudi kila mahali kwa sababu hajauamini mnyororo wa kitenzi. Huyo ni ngazi ya kati. Wa pili anasukuma hadithi kwa -ka-, viambishi vya mtendwa vinakaa mahali pake, na amefunga kwa sharti lisilotimia. Simulizi hiyo ni ya ngazi ya juu. Sentensi yake ya mwisho inagusa ubingwa, ila sentensi moja haimpandishi mtu: ngazi ni ile anayoimudu muda wote, siyo aliyoifikia mara moja.

Kuhusu makosa: mwaka 1967 S. Pit Corder alitenganisha kuteleza kwa ulimi na kosa la kimfumo, na mwaka 1972 Larry Selinker akaonyesha kwamba lugha ya mwanafunzi ni mfumo wenye kanuni zake, ingawa si zetu. Kwa mpimaji maana yake ni hii: aliyesema "yamevaliwa" kisha akajirekebisha "vimevaliwa" ameteleza, mwache. Anayetia ya- kwenye kila kitu cha wingi ana kanuni yake kichwani. Iandike hiyo kanuni. Itamsaidia mwalimu wake kuliko alama.

Hatua ya 6: Ngeli, bila kuzitukuza na bila kuzidharau

Kwa utafiti, hisia hazitoshi; hesabu. Chukua dakika tano za rekodi, andika kila alichosema, kisha tia alama kila mahali ambapo Kiswahili kinadai upatanisho: kitenzi, kivumishi, kimilikishi, kionyeshi, kirejeshi. Tuseme umepata sehemu 40, na katika 31 amepatanisha sawasawa. Hiyo ni asilimia 77.5. Namba hiyo peke yake haina maana kubwa. Igawe kwa ngeli: huenda A-WA na KI-VI ziko karibu kamili, na hasara yote imetoka kwa U- na LI-YA. Igawe tena kwa aina ya neno, maana wengi hupatanisha kitenzi na kusahau kirejeshi.

Tahadhari mbili. Anayetia ki- kila mahali atapata KI-VI zote bila kujua chochote, kwa hiyo hesabu pia alivyoitumia pasipotakiwa. Na uepuke mtego wa viumbe hai: "rafiki yangu amefika" ni sahihi, pamoja na "yangu" yake. Nimeona wasahihishaji wakiikata.

Halafu linakuja swali gumu: Kiswahili cha nani? Mtu aliyejifunzia mitaani Nairobi, Lubumbashi au Bukavu atasema "kitabu yangu" na "vitu mingi" kwa ufasaha kamili, kwa sababu ndivyo waliomfundisha wanavyosema, na waliomfundisha ni wasemaji wa Kiswahili. Kumweka ngazi ya mwanzo kwa hilo ni kupima jiografia. Kwanza mpime kwa kazi: anasimulia? anatetea hoja? anatatua? Kisha andika kando ni Kiswahili cha wapi, na kama Kiswahili sanifu kinahitajika kwa kazi atakayoifanya. Mkalimani wa mahakama ya Dodoma anakihitaji. Muuguzi anayekwenda Goma atafaa zaidi akiwaelewa wagonjwa wake. Uangalifu huo ni muhimu mara mbili kwa vijana waliolelewa Marekani na wazazi waliotoka Kongo au Burundi: nyumbani wanasikia kila kitu, mdomoni wana Kiswahili cha nyumbani, na karatasi ya ngeli huwaambia kwamba hawajui lugha ya mama zao.

Hatua ya 7: Mpimaji wa pili

Sehemu ya rekodi, walau moja kati ya tano, isikilizwe na mtu wa pili asiyeijua alama yako. Mkitofautiana kwa ngazi kuu nzima, sikilizeni pamoja, kila mmoja aonyeshe dakika na sentensi. Anayesema "mimi nimeona tu ni mzuri" ashindwe.

Kwa utafiti, asilimia ya kukubaliana hudanganya. Tuseme rekodi ni 20, mmekubaliana 16, asilimia 80, inapendeza. Lakini kama kila mmoja wenu ameweka "kati" mara 16 na "juu" mara 4, kwa bahati tu mngekubaliana asilimia 68 (0.8 × 0.8 kwa "kati", jumlisha 0.2 × 0.2 kwa "juu"). Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huiondoa bahati hiyo: 80 toa 68 ni 12, gawa kwa 100 toa 68, yaani 32, unapata 0.38 hivi, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa. Hapo bado mna kazi ya kufanya mazoezi pamoja.

Hatua ya 8: Vipimo viwili vya nyongeza

Mahojiano yanakula muda. Ukiwa na wanafunzi 60, tumia jaribio la kurudia sentensi. Lourdes Ortega na wenzake walitunga la sentensi 30, za silabi 7 hadi 19, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 120, na muundo huo umetumika kwa lugha nyingi. Mwanafunzi anasikiliza sentensi, anangoja kidogo, anairudia. Fupi anaweza kuiiga kama kasuku. Ndefu haikai kichwani, inabidi aielewe na kuijenga upya kwa sarufi yake. Nne ni kamili. Tatu, maana imebaki ila umbo limebadilika kidogo. Mbili, maana imeharibika. Moja, nusu au chini yake. Sifuri, hakuna kitu.

Kwa Kiswahili pima urefu kwa silabi, kamwe si kwa maneno. "Mtoto amelala" ina 7. "Vitabu vyangu vimepotea sokoni" ina 13. "Dereva aliyetuleta hakutuambia nauli" ina maneno manne tu, lakini silabi 18, na kirejeshi, ukanushi na mtendwa vimejificha humo.

La pili ni maandishi yenye mapengo, aina iliyobuniwa Ujerumani na Ulrich Raatz na Christine Klein-Braley mwanzoni mwa miaka ya 1980: nusu ya mwisho ya kila neno la pili inafutwa. Kwetu lina kasoro. Ukifuta nusu ya mwisho ya "alimpikia" unabaki na "alim", na vitenzi mia vinaingia humo. Ninaona bora kufuta mwanzo wa neno, ili mwanafunzi airudishe ngeli na wakati mwenyewe. Kwa vyovyote vile, wape kwanza wasemaji wazoefu. Wakishindwa kufika asilimia 90, tatizo ni maandishi yako.

Hatua ya 9: Ripoti na kupima tena

Ripoti iwe ukurasa mmoja: ngazi, kipimo kilichotumika, tarehe, aina ya Kiswahili, kisha mambo mawili anayoyamudu na moja linalomzuia kupanda, kila moja na sentensi aliyoisema mwenyewe. "Anasimulia wakati uliopo, hajadumu katika uliopita" inamfaa kuliko "aongeze bidii".

Usimpime kila mwezi. Kutoka kati kwenda juu ni safari ndefu, na tofauti utakazoziona wiki hadi wiki nyingi ni za usingizi na mada. Mwisho wa muhula unatosha. Siku hiyo mpe mpimaji mwingine na igizo jingine, na rekodi ya zamani isifunguliwe mpaka alama mpya iwe imeandikwa.